Bawa la Kupuliziwa Hewa Halijaribiwi Juu ya Mapaa ya Watu

Malalamiko kuhusu droni za kujiundia yameongezeka Magongo na Tudor, hapa Mombasa. Vijana wanafunga vipampu na feni za kompyuta kwenye mabawa ili droni iende polepole bila kuanguka. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Mwaka 1904 mwanasayansi Mjerumani Ludwig Prandtl alionyesha kuwa ukifyonza hewa kwenye ngozi ya silinda, mkondo wa hewa haubanduki mapema.

Bawa likiinuliwa pua kupita kiasi, mara nyingi kama nyuzi 15 hivi, tabaka jembamba la hewa lililoshika mgongo wake huishiwa nguvu, hubanduka, na mwinuko, yaani nguvu inayolinyanyua bawa, hupungua ghafla. Nahodha wa jahazi analijua hili kwa mkono: tanga likivutwa mno, upepo huliacha mgongoni na chombo kinazorota. Na kwa wanaodhani hapo injini imezimika: hapana, bawa kupoteza mwinuko si injini kuzimika. Tumelieleza hili mara ngapi? Injini inaweza kunguruma vizuri kabisa huku ndege inashuka.

Mwinuko hufuata mraba wa kasi. Kasi ikipungua nusu, mwinuko unabaki robo, na bawa ndilo linalodaiwa kufidia. Ndipo hewa ya kasi inapopulizwa kupitia mwanya mwembamba juu ya flapu, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoinamishwa. Inaufuata mpindo wake na kulitia nguvu lile tabaka lililochoka. Kazi yake si kuisukuma ndege mbele, kama wengi wanavyotuandikia. Ndege ya US-2 ya Japani, inayotua baharini, ina injini nne za kuruka na ya tano ya kupuliza hewa tu. Mwaka 2015 NASA, shirika la anga la Marekani, na kampuni ya Boeing walijaribu mbinu ya jamii hiyo kwenye mkia wa ndege ya Boeing 757.

Tatizo ni siku pumzi inapokatika. Mwanya wa bawa moja ukiziba kwa mchanga au chumvi (na hapa Pwani utaziba), bawa la pili linaendelea kunyanyua na chombo kinapinduka, tena kikiwa chini na polepole, pasipo nafasi ya kukiokoa.

Sasa utaratibu. Chini ya kanuni za mwaka 2020, droni husajiliwa kwanza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kisha huombewa kibali cha kurusha. Usajili peke yake si kibali. Mwisho wa kupanda ni futi 400 kutoka ardhini. Kuwa karibu na watu au majengo yasiyo chini ya udhibiti wako kuna masharti yake, na ndani ya kilomita 10 za uwanja wa ndege kama wa Moi hurushi bila idhini. Magongo imo. Tudor pia imo, hata kama ndege huzioni kutoka barazani kwako. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Ukibadilisha bawa baada ya kupata kibali, usidhani kibali cha zamani kinalifunika bawa jipya: uliza kwa maandishi, ambatisha mchoro na uzito mpya, na usirushe kabla ya kujibiwa.