Deki ya zamani inatosha kwa CD, hela yako ipeleke kwenye spika

CD ya muziki haijabadilika tangu Sony na Philips waiingize sokoni mwaka 1982: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, kushoto na kulia. Kiwango hicho kinalitosha sikio la binadamu. Anayetaka CD zake za taarabu au za dansi zisikike vizuri zaidi sebuleni hana cha kuongeza kwenye diski yenyewe. Kazi ni kuzuia kilichomo kisipotee njiani, na kinapotea zaidi mwisho wa safari, kwenye spika na pale zilipowekwa. Ndiyo maana huwa namkataza mtu kuanza kwa kununua pleya mpya.

Deki ya DVD iliyosahauliwa kabatini inasoma CD vizuri tu. Igeuze uangalie matundu ya nyuma. Jekundu na jeupe ni ya sauti ya kawaida, la njano ni la picha, na deki nyingi zina jingine, la chungwa au jeusi, lililoandikwa COAXIAL. Hilo linatoa muziki ukiwa bado namba. Kwenye deki za bei rahisi, sauti ya matundu mekundu na meupe huja na mvumo, kwa sababu inagawana bodi moja na umeme wa mota na picha. Toa namba kwenye COAXIAL uzipeleke kwenye DAC ndogo, kisanduku kinachozigeuza kuwa sauti, kisha kutoka hapo uingie kwenye amplifaya. Usinunue waya wa gharama. Ule wa njano wa picha ni wa omu 75, na ndizo zinazotakiwa hapa. Kwenye menyu ya sauti chagua PCM, yaani namba za muziki zisizobanwa, halafu zima surround, 3D na mapambo mengine yote. Ila waya huo usiuchomeke moja kwa moja kwenye amplifaya isiyo na tundu la namba. Utapata kelele badala ya muziki, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaweza kuumia.

Deki ikigoma, ina namna yake ya kukuambia inaumwa wapi. CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, na orodha ya nyimbo iko karibu na tundu. Ikiandika NO DISC imeshindwa mwanzoni kabisa, na mara nyingi sababu ni lenzi kushika vumbi au utando wa moshi wa jikoni. Inayosoma vizuri kisha inaanza kurukaruka nyimbo za mwisho ina tatizo jingine: grisi ya reli imekauka, lenzi haitelezi tena kwenda nje. Ifute grisi hiyo yote, upake mpya nyeupe, kiasi cha punje ya mchele.

Kwa lenzi, chomoa umeme kwanza, ufungue mfuniko. Tumia isopropili ile ya mafundi simu wanayosafishia bodi, ya asilimia 90 au zaidi; spiriti ya kuwashia jiko huacha ukungu. Lowesha kijiti cha pamba, ukikamue, kisha kizungushe juu ya lenzi bila kukandamiza. Lenzi ni ya plastiki na inaning'inia kwenye nyaya nyembamba mno. Zikipinda, ndiyo basi. Subiri dakika 5 ikauke. Kisha kuna kiskrubu kidogo kwenye kizimba cha lenzi, ambacho mafundi wengi hukizungusha ili leza ipate nguvu. Msiguse jamani. Deki itasoma wiki chache, halafu leza itakufa moja kwa moja.

CD nayo futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia ya leza hufidiwa na namba za akiba zilizomo ndani ya diski, lakini unaofuata njia hiyo hufuta kipande kirefu mfululizo.

Sasa amplifaya. Pleya ya CD hutoa kama volti 2, wakati deki ya kaseti hutoa nusu volti au pungufu. Chomeka kwenye CD, AUX au TAPE IN, kamwe si PHONO, ambayo inangojea milivolti 5 hivi za sindano ya santuri na huziongezea besi kwa makusudi. Ukiona amplifaya ya zamani inapasua sauti hata kwenye AUX, weka rezista ya kiloomu 10 kwenye njia ya sauti, na ya kiloomu 3.3 kutoka upande wa amplifaya hadi kwenye ardhi ya waya huohuo, yaani ule mkanda wake wa nje. Fanya hivyo kushoto na kulia. Volti 2 zitashuka hadi karibu nusu volti.

Amplifaya za mtumba kutoka Japani ni nzuri sana, lakini soma kibati cha nyuma kabla ya kuchomeka, kwa sababu ni za volti 100. Zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye VA (namba ya uwezo wake) angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibati. Tafuta inayotoa 100 kamili. Ya 110 itaichemsha bure, hasa usiku umeme unapopanda.

Kibati kama hicho ndicho kinachoumbua sabufa zilizoandikwa maelfu ya wati PMPO, namba ya kuvutia wateja tu. Chombo kinachokula wati 60 ukutani hakiwezi kutoa zaidi ya hizo. Kwa hela hiyohiyo ningechukua jozi ya spika za mtumba za sanduku la mbao, zenye wufa, spika kubwa ya besi, ya inchi 6 au 8. Bonyeza taratibu ukingo unaozunguka koni. Wa mpira hudumu. Wa sponji husagwa na joto na unyevu wa pwani, na ukibaki vidoleni kama unga mweusi, dai punguzo la gharama ya kuubadilisha.

Ziweke mita 2 hivi kutoka moja hadi nyingine, nawe ukae umbali huohuo, twita zikiwa usawa wa masikio. Zitoe kwenye kona na zisigande ukutani, la sivyo besi inavimba na kumeza maneno ya mwimbaji. Sakafu ya vigae tupu hurudisha mwangwi. Zulia na pazia zito vinasaidia kuliko waya wowote wa bei mbaya. Waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5 kutoka duka la vifaa unatosha hadi mita 5, na zaidi ya hapo chukua wa 2.5.

Mwisho hakikisha chanya imeenda kwenye chanya pande zote mbili, maana spika moja ikigeuzwa, besi inapungua sana. Usipoziamini alama, chomoa waya kwenye amplifaya na ugusishe betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa nusu sekunde, chanya ya betri kwenye waya wa chanya kwa kila spika. Koni za wufa zote mbili zinapaswa kuruka kwenda upande mmoja. Kisha cheza CD, ukae mahali pako: sauti ya mwimbaji itokee katikati, pale pasipo na spika.