Je, wajua kwa nini mzee wa miaka 90 huhimizwa kunyanyua uzito?

Bibi akianza kuyumba, agizo la nyumbani huwa moja: "Wewe kaa tu, Bibi." Maji analetewa, dukani anatumwa mjukuu, hata kigoda cha jikoni kinaondolewa asije akapata taabu kuinuka. Heshima hiyo inamwondolea kazi chache zilizokuwa bado zinaitumikisha miguu yake. Ni kweli umri hupunguza misuli, hasa nyuzi zile za kasi zinazomwokoa mtu anapojikwaa. Lakini sehemu kubwa ya udhaifu tunaousingizia uzee hutokana na kukaa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani kwa siku 10 watu 12 wenye afya njema, wastani wa umri miaka 67. Miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama isiyo mafuta. Hawakuwa wagonjwa, walilala tu.

Kinyume chake kilijaribiwa Boston, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990. Wazee dhaifu 10 wa makao ya kulelea, wenye miaka 86 hadi 96, walinyanyua uzito kwa miguu mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8. Nguvu ilipanda kwa wastani wa asilimia 174, huku msuli wa paja ukinenepa asilimia 9 tu. Walikuwa wachache na hapakuwa na kundi la kulinganisha, ila jaribio la mwaka 1994 lenye wazee 100 lilielekea huko huko.

Nguvu nyingine ilitoka wapi? Kwenye neva. Fikiria wavuvi 20 wanaovuta dau kulipandisha pwani. Wanane wamesimama tu, waliobaki kila mmoja anavuta kwa wakati wake, dau halisogei. Aanze mmoja kuimbisha, wote washike kamba na kuvuta kwa pamoja, litapanda, na hakuna aliyeongezwa. Neva zinazoamrisha nyuzi za msuli hujifunza hivyo: kuamsha nyuzi nyingi zaidi, kwa kasi na kwa mpangilio. Zile za kasi huitwa mwisho, kazi inapokuwa nzito. Ndiyo maana kutembea, pamoja na faida zake kwa moyo, hakutoshi.

Nyumbani zoezi kuu ni kuinuka kitini. Tumia kiti kigumu cha kimo cha sentimita 45 hivi, mgongo wa kiti ukiwa ukutani. Cha plastiki huteleza, na kandambili vilevile. Asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamie mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ainuke akitoa pumzi. Kushuka kuchukue sekunde 3 au 4. Kosa la kawaida ni kujibwaga, na hapo nusu ya zoezi imepotea. Kosa jingine ni kubana pumzi, kunakopandisha presha. Afanye mara 8 hadi 12, apumzike, arudie, siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana. Mara mbili za mwisho katika kila mzunguko ziwe ngumu kweli. Akishindwa kabisa, weka mto kitini. Zikiwa rahisi, akumbatie chupa ya maji ya lita moja, kisha mbili. Anayetumia dawa za presha asimame kidogo kabla ya kupiga hatua. Maumivu ya kifua ni ya kusimamisha zoezi na kwenda hospitali.

Kipimo: kuinuka mara 5 bila mikono kukizidi sekunde 15, nguvu imepungua.

Chakula kinasaidia, ila si peke yake. Katika jaribio la 1994 kinywaji cha lishe bila mazoezi hakikuongeza nguvu. Wataalamu hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, isipokuwa kwa mwenye figo mbovu, ambaye amwone daktari kwanza. Mzee wa kilo 55 hafikii hapo kwa chai na mkate: yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15.

Na asiache. Wale wa Boston waliposimamisha mazoezi kwa wiki 4 tu, nguvu ilishuka asilimia 32.