Kujitegemea si kufanya kila kitu peke yako

"Mwanangu hawezi kujitegemea, hata nauli hajui kuhesabu," husema wazazi wengi hapa Mwanza. Kwani ni nani anayeishi bila msaada wa mtu? Kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kufungasha dagaa mwaloni Kirumba akiwekewa alama ya rangi kwenye mizani: mshale ukifika hapo, anafunga mfuko. Nauli apewe kamili asubuhi. Njia ya daladala aizoee akiwa na ndugu, kisha ndugu aanze kubaki kituoni (na mama apunguze kupiga simu). Kumfundishia sebuleni hakutoshi. Kazi huzoewa kazini.

Wala kumwajiri si sadaka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni wenye ulemavu.