Ukifika Lamu, anzia ndani ya nyumba

Kazi yangu ni kutembeza watu Lamu, hasa wanafunzi. Karibu kila mwalimu anayenipigia simu huwa ameshapanga ratiba, na ratiba hizo zinafanana: asubuhi ngome, kisha makumbusho ya pwani, mchana magofu ya Takwa, kesho yake Shela kuogelea. Mimi huomba jambo moja tu. Ngome isubiri. Tuache barabara ya pwani, tukate Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tuingie vichochoroni hadi ile nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa kama makumbusho ya nyumba ya Waswahili. Ni ndogo, na wengi huitembelea mwisho, wakiwa wamechoka. Lakini aliyeielewa nyumba moja ya Amu, kama wenyeji tunavyouita mji wa Lamu, ataielewa miji yote ya kaunti hii, iliyo hai na iliyohamwa.

Mlangoni kuna daka, yaani baraza ya nje, lenye viti vya mawe pande mbili, mahali pa kumkaribisha mgeni ambaye hajafika kiwango cha kuingia ndani. Ukivuka daka unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kupitia, na hapo njia inapinda kusudi, ili mpita njia asiweze kumwona aliye ndani hata mlango ukiwa wazi. Baada ya tekani ni kiwanda, ua usioezekwa, unaoleta mwanga na hewa kwa nyumba nzima. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani. Kadiri unavyosonga, sakafu inapanda na mwanga unapungua. Mwenye nyumba alikuwa na njia ya kumpima kila mgeni bila kusema neno, kwa kuangalia amemfikisha wapi.

Hapo ndipo huwaambia wanafunzi wapige hatua, kwanza kwa urefu wa chumba, kisha kwa upana. Urefu wanahesabu hatua nyingi. Upana ni kama mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Chumba cha kila nyumba ya zamani hapa kiko hivyo, kiwe cha tajiri au cha mtu wa kawaida. Wakiuliza sababu, nawaambia watazame juu. Dari imebebwa na boriti za mkoko, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa, mzigo mzito sana. Boriti ndefu kupita kiasi hicho itapinda. Kwa hiyo mkoko ndio uliopanga upana wa maisha ya watu wa pwani: unaweza kurefusha chumba upendavyo, kukipanua huwezi. Wauzaji wa mikoko wanaigawa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Karne kwa karne magogo hayo yalipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, ambako vyumba vya zamani navyo vina upana huo huo.

Mawe ya kuta yalitoka Manda, ng'ambo tu ya mkondo, na wachonga mawe wa kijiji cha Maweni bado wanaendelea na kazi hiyo. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la kuni. Nakshi za zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa ukutani mle ndani, zilikatwa kwenye lipu ya chokaa kabla haijakauka. Chooni usikose kuangalia birika la maji. Chini yake huwekwa bakuli la kaure, na samaki wadogo waliachwa humo wale viluwiluwi vya mbu. Watoto hulipenda birika kuliko kitu kingine chochote, na mwalimu wa sayansi akiwepo, somo zima la malaria linaweza kuanzia hapo.

Mkitoka nje, inueni macho tena. Mtaona wikio, chumba kilichovuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili kwa juu. Nyumba za Amu mara nyingi zilikuwa za mabinti, baba akimjengea bintiye karibu na mama yake, na wanawake walipita wikioni bila kukanyaga njia.

Sasa nendeni ngomeni. Ilijengwa kuanzia takriban 1813 hadi 1821, baada ya watu wa Amu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, kwenye vita vya Shela, kisha wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani. Ilikuwa gereza mpaka 1984. Paa lake ndilo linalonifanya nipande: ukiwa pale juu unauona mpangilio wa mji wote, mji ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kwenye makumbusho ya pwani msiharakishe mbele ya siwa mbili, yaani baragumu kubwa, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Amu ya shaba. Hizo ndizo zilizokuwa sauti za utawala, na hazikupulizwa ovyo. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kati ya 1888 na 1891, dakika chache zinatosha.

Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, ndiko somo la nyumba linakolipa. Mji ule ulistawi kati ya karne ya 16 na ya 17, kisha watu wakauhama. Wengi wanasema walivuka wakaenda Shela. Mapaa yameanguka siku nyingi. Lakini ukisimama kwenye ukuta wowote utaona safu ya matundu, yamepangwa sawasawa kwa kimo kimoja. Sisemi kitu. Nangojea. Siku moja msichana wa darasa la saba alitia mkono kwenye tundu, akageuka akawaambia wenzake, "Hapa palikaa boriti." Kuanzia hapo wenyewe wakaanza kutafuta: huu ni msana, hapa palikuwa choo, hiki ni kidaka. Msikiti wa Ijumaa una nguzo juu ya ukuta wa kibla. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, karibu na 1683. Watu wa Shela bado huja kuzuru hapo na kuomba mvua, kwa hiyo msiwaache wanafunzi walipande wala kulikalia.

Kisiwa cha Pate wengi hawakifiki, na hilo linanisikitisha kwa dhati. Shanga, unayoifikia kwa miguu kutoka Siyu, ilichimbwa na mwanaakiolojia Mark Horton kuanzia 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka akafika kwenye alama za miti na udongo za karne ya 8. Zimepatikana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapa hapa. Kwa mwanafunzi aliyeambiwa kwamba miji yetu ilishushwa na wageni kutoka majahazini, hakuna jibu bora kuliko zile tabaka: watu walianza na miti na udongo, wakajifunza jiwe, wakakua mahali pamoja kwa mamia ya miaka.

Siyu nayo ilikuwa mji wa mafundi wa ngozi na samani, na wa wanakili wa misahafu. Ngome yake ni ya karne ya 19, wakati Siyu ilipokuwa ikikataa utawala wa Zanzibar. Kiongozi wake, Bwana Mataka, ndiye mume wa mshairi Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Mwalimu wa fasihi asikubali kurudi nyumbani bila kufika huko.

Kama siku zimebaki, Matondoni mtawakuta mafundi wa majahazi, na fundi akiwa na nafasi atawaonyesha namna ya kukalafati, yaani kuziba nafasi za mbao, kwa pamba na mafuta. Msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Swaleh, ni chuo kinachosomesha hadi sasa, si jengo la kutazamwa tu. Ombeni ruhusa mapema, mvae mavazi ya heshima, msiingie wakati wa sala. Maulidi ya Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, yanajaza mji kwa wageni kutoka pwani nzima. Anayetaka kuyaona atafute malazi miezi kadhaa kabla.

La mwisho ni maji. Kijito cha Takwa na mkondo wa Mkanda, unaopitia kwenda Pate, huenda visipitike maji yakipwa, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapwa sana. Kabla hujaandika saa yoyote kwenye ratiba ya shule, muulize nahodha maji yatajaa saa ngapi siku hiyo, kisha panga mengine yote kufuata jibu lake.