Kumfundisha mtoto mwenye usonji kutumia choo: maswali ya wazazi na majibu yake

Mwanangu mwenye usonji (autism) ametimiza miaka mitano na bado anavaa nepi. Je, ni ukaidi?

Si ukaidi. Ili mtoto atumie choo, hana budi kuihisi haja kabla haijamtoka, aelewe kwamba inatakiwa mahali maalumu, kisha akubali kukaa mahali hapo. Kwa mtoto mwenye usonji, ishara za kibofu na utumbo huweza kumfikia kwa udhaifu au kwa kuchelewa, haigi wakubwa kama watoto wengine wanavyoiga, naye hushikilia sana mazoea, nepi ikiwa mojawapo. Ndiyo maana wengi wao huchelewa kuliko wenzao. Kumchapa au kumwaibisha humfanya aogope choo na kubana haja, na hapo kazi huwa ngumu maradufu.

Nianzie wapi?

Kabla ya kununua poti, usome mwili wake. Kwa siku tatu au nne, kagua nepi kila nusu saa na uandike saa aliyokunywa, aliyokojoa na aliyopata choo. Akiweza kukaa mkavu kwa saa moja hadi mbili, kibofu chake kimeanza kuhifadhi mkojo, na mafunzo yanaweza kuanza hata kama hajaanza kuongea.

Siku hizo hizo, chunguza kama anafunga choo, jambo ambalo naliona likipuuzwa kuliko yote. Watoto wengi wenye usonji huchagua sana chakula, wengine wakila chipsi na biskuti tu, na kinyesi chao hukauka. Aliyekwisha kuumia hukaza matako na kusimama kwa ncha za vidole ili kisitoke. Kinyesi kigumu kikishajaa, majimaji hupenya pembeni yake na kuchafua nguo, mzazi akadhani mtoto anaharisha. Huyu apelekwe kwa daktari apewe dawa ya kulainisha choo, na nyumbani aongezewe maji, papai na mboga kadiri atakavyokubali, ndipo mafunzo yaanze.

Analia kila nikimwingiza chooni. Anaogopa nini?

Ingia mwenyewe, uchuchumae mpaka macho yako yalingane na yake. Utaona shimo jeusi lisiloonekana mwisho, sakafu baridi yenye utelezi, na harufu kali ya dawa ya kusafishia. Penye choo cha kuvuta maji, kuna mngurumo wa ghafla. Katika nyumba ya kupanga ambamo familia kadhaa hutumia choo kimoja, yuko pia mtu anayegonga mlango. Watoto wengi wenye usonji hupokea sauti, harufu na mguso kwa ukali mno. Weka taa, mvalishe kandambili, mwaga maji akishatoka, na kama choo ni cha kukalia, mpatie kigoda cha kukanyagia ili miguu isining'inie.

Wapo watoto ambao, haja kubwa inapowabana, hujibanza nyuma ya kabati wakiwa na nepi, wakachuchumaa kimya. Mtoto huyu anaijua haja yake, na hilo ni jambo kubwa. Weka poti pale pale nyuma ya kabati, aikalie akiwa na nepi, kisha isogeze kidogo kidogo kuelekea chooni. Akishazoea, nepi inaweza kukatwa tundu, likapanuliwa siku hadi siku mpaka isihitajike tena.

Nimkalishe wakati gani, na nimwambie nini?

Mkalishe dakika 20 hadi 30 baada ya kula, kwa kuwa tumbo likipokea chakula huusukuma utumbo mpana kufanya kazi. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Usimuulize "Unataka kwenda chooni?", kwani huenda akairudia kauli yako bila kuijibu; badala yake, mwonyeshe picha ya choo chenu wenyewe, useme neno moja tu: "Choo." Bibi, dada wa nyumbani na mwalimu watumie neno hilo hilo. Akifanikiwa, apewe papo hapo kitu akipendacho kupita vyote, ambacho hakipati kwa jambo jingine. Akijichafua, msafishe kwa utulivu na maneno machache.

Alikuwa amezoea, sasa anajikojolea tena. Kwa nini?

Mpeleke kituo cha afya kwanza. Sababu inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, kifafa, au kisukari, hasa ikiwa anakunywa maji kupita kawaida na kukonda. Kuhama nyumba au kubadilishiwa mwalimu pia huweza kumrudisha nyuma. Na kwa kuwa wengi wao hawawezi kusimulia waliyotendewa, mzazi asiogope kuchunguza kama kuna mtu anayemdhuru mtoto.

Na usiku?

Usiku hufuata baadaye, mara nyingine baada ya miaka, kwa hiyo usiyafanye mafunzo yote mawili kwa pamoja. Tandika mpira chini ya shuka, mpeleke chooni kabla ya kulala, na umwachie nepi ya usiku mpaka aamke nayo ikiwa kavu kwa asubuhi nyingi mfululizo.