Seismografu ya darasani: yanayoaminika na yaliyo kweli

"Tetemeko likipita, kalamu ndiyo inayotikisika."
Ni kinyume kabisa, na ndiyo maana nalipenda somo hili la seismografu, yaani kifaa kinachorekodi mtikisiko wa ardhi. Tundika ndani ya boksi kikombe cha plastiki kilichojaa kokoto, maka peni ikiwa imepita kwenye kitako chake na ncha yake ikigusa utepe wa karatasi. Mmoja avute utepe taratibu, mwingine alisukume boksi ghafla. Boksi linakwenda, karatasi inakwenda nalo, lakini kokoto kwa uzito wake zinabaki nyuma. Hiyo ndiyo inesha, yaani tabia ya kitu kukataa kubadili mwendo wake. Yale mawimbi kwenye utepe yamechorwa na karatasi iliyosogea chini ya kalamu iliyotulia. Toa kokoto, kikombe kitupu kitaburutwa na karatasi na mchoro utapotea.

"Mstari ukibaki umenyooka, kifaa ni kibovu."
Huenda umesukuma upande ule ule utepe unakovutwa. Sukuma kwa kukata njia ya utepe, mawimbi yatatokea. Kwa sababu hiyo vituo halisi hupima pande tatu: kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, juu na chini.

"Kikibembea muda mrefu, ndiyo ubora."
Hapana, hilo ni kosa linaloharibu vifaa vingi vya wanafunzi. Uzito unaoning'inia kwa uzi wa sm 25 hubembea kwenda na kurudi kwa sekunde 1 hivi. Ukiachwa uendelee, utepe unarekodi bembea ya uzito wenyewe, si mwendo wa ardhi. Funga bamba la alumini kwenye uzito, lipite katikati ya sumaku mbili kali bila kuzigusa: likisogea, umeme unaozaliwa ndani yake unalizuia. Usukume uzito kidogo kwa kidole. Ukirudi mahali pake na kutulia karibu mara moja, umefaulu.

Mawimbi ya tetemeko la mbali huweza kuchukua sekunde 20 kila moja. Kuyafuata kwa uzi wa kawaida kungehitaji uzi wa karibu mita 100, kwa hiyo wajenzi makini hutumia mkono uliolala, kama geti ambalo nguzo yake imeinama kidogo.

"Kutikisa meza ni jaribio tosha."
Kutikisa kunaonyesha tu kwamba kalamu ina wino. Weka boksi juu ya ubao, ubao juu ya gololi, kisha usogeze haraka sm 1, halafu sm 2, huku ukipima urefu wa kila wimbi kwa rula. Rudia kila hatua. Majibu yakitofautiana sana, tafuta kilicholegea.

"Tetemeko lenye ukubwa wa 6 limezidi kidogo lenye ukubwa wa 5."
Mtikisiko unaorekodiwa ni mara 10, na nishati ni takriban mara 32.

"Seismografu hutabiri."
Hakuna inayotabiri. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilikuja mchana bila onyo. Kinachopatikana kwenye rekodi nzuri ni umbali. Mawimbi ya P, yaliyo ya haraka, hutangulia; ya S, yaendayo polepole zaidi, hufuata; na kwa tetemeko la karibu kila sekunde ya tofauti kati yake ni takriban kilomita 8. Sekunde 10, kilomita 80. Upande lilikotokea haujulikani kwa umbali huo peke yake. Kwenye ramani, chora duara kuzunguka kila kituo kati ya vituo vitatu, ukingo wake ukiwa mbali na kituo kwa umbali kilioupata, na kitovu kitakuwa pale duara zote tatu zinapokutana.