Lengo la TEHAMA Lisilomtaja Mwalimu Mwenzako

Julai ikiingia, walimu wa serikali tunarudi kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kujaza malengo ya mwaka wa fedha. Ukipita ofisi ya walimu siku hizo utasikia watu wanaulizana: "Wewe kwenye TEHAMA umeandika nini?" Jibu linalozunguka meza kwa meza ni lile lile: "Kutumia TEHAMA katika ufundishaji na ujifunzaji." Sentensi imenyooka na mkuu wa shule ataipitisha bila neno. Ila haisemi kitu. Kutumia nini? Kwenye mada ipi? Kumtoa mwanafunzi wapi na kumfikisha wapi? Na nani atajua kama ilisaidia, au uliwasha tu projekta darasa likachangamka dakika tano?

Nafundisha Hisabati sekondari hapa Tanga mjini. Shuleni kwetu naratibu mambo ya TEHAMA, na pia jumuiya ya ujifunzaji, vile vikao vya walimu vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Wengi huziona hizi kuwa kazi mbili. Mimi naziona moja, na ndiyo sababu ya kuandika leo: lengo la teknolojia ambalo halina mwalimu mwingine ndani yake kwa kawaida halifiki Desemba, hata vifaa viwepo tele.

Na vifaa, tuseme kweli, vipo kuliko zamani. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Shule nyingi za mjini hazikosi projekta moja, ijapokuwa kebo yake huwa imefungiwa kabatini na mwenye funguo yuko semina. Simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo hesabu yetu ni ya kifaa kimoja mbele ya darasa zima. Ukipanga kana kwamba kila mtoto ana cha kwake, umepanga kwa ajili ya shule nyingine.

Sasa nadharia kidogo, halafu nirudi darasani. Mwaka 1986 msomi wa Kimarekani Lee Shulman alieleza kwamba kulijua somo ni jambo moja na kujua kufundisha ni jingine, lakini kuna ujuzi wa tatu unaopatikana hayo mawili yakikutana: kujua mada hii huwakwamisha wanafunzi wapi hasa, na mfano gani huwakwamua. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Michigan State wakaingiza teknolojia kwenye hesabu hiyo, na mfumo wao siku hizi huitwa TPACK. Wakufunzi wa semina wanaupenda kwa sababu unachoreka vizuri: duara tatu zinazopishana, katikati pametiwa rangi. Washiriki hupiga picha, kisha tunakwenda kula.

Ninachoona kimesahaulika ni kwamba ule ujuzi wa katikati ni nadra kuukuta kwa mtu mmoja. Kwenye ofisi yetu kijana aliyetoka chuo juzi anaijua programu, lakini hajui Kidato cha Nne huanguka wapi. Mwalimu mkongwe anapajua pa kuangukia akiwa amefumba macho, ila kishikwambi chake bado kiko kwenye boksi. Na anayejua mfano utakaowaingia watoto wa pwani yuko idara nyingine kabisa. Ukiwaacha kila mtu na lengo lake, una watu watatu wenye theluthi moja moja.

Nitoe mfano wa kipindi kimoja. Mada ni grafu za sine na kosine, Kidato cha Nne. Wanafunzi huzichora bila shida: wanajaza jedwali, wanaweka nukta, wanaunganisha, linatoka wimbi. Ukiuliza hilo wimbi ni la nini, kimya. Na hawa ni watoto ambao baadhi ya wazazi wao wanashusha samaki Deep Sea na Sahare, nyumba ambazo mtu hatoki na ngalawa kabla ya kujua maji yakoje. Aliyeliona hilo ni madam wa Jiografia, aliyekuwa anasubiri zamu yake mlangoni huku nafuta ubao. "Mwalimu," akaniambia, "hicho ulichochora mbona ni kupwa na kujaa?"

Ndivyo. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa ni takribani saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji makubwa na maji madogo hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi kiasi cha mita 1. Madam hulifundisha hili Kidato cha Kwanza kwenye mfumo wa jua. Mimi nalihitaji Kidato cha Nne. Miaka yote hiyo tumekaa meza zinazogusana!

Tukakaa tukatengeneza faili moja kwenye GeoGebra, programu ya bure aliyoianzisha Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwaka 2001. Ukishaisakinisha haihitaji bando. Gawanya nyuzi 360 kwa saa 12.42 unapata nyuzi 29 kasoro chembe, kwa hiyo kila saa inayopita maji "yanatembea" kama nyuzi 29. Kimo cha maji, kwa mita, kikawa h = 2 + a sin(29°t), ambapo t ni saa na a ni kitelezi kinachosogezwa kwa kidole au kipanya. Mwalimu mgeni wa GeoGebra huwa anakwama hapa: usipoweka alama ya nyuzi, programu inasoma radiani, kipimo kingine cha pembe, na grafu inatoka imesongamana haisomeki. Weka alama.

Kitelezi kikiwa 1.6, una bamvua. Kishushe polepole hadi 0.5, wimbi linalala, umefika maji mafu. Kijana mmoja wa Sahare, ambaye kwenye Hisabati huwa hainui mkono, alisema kabla sijauliza: "Hapo pweza huwapati, mwalimu." Alikuwa ameisoma grafu. Amplitudo, ile a inayopima wimbi linapanda na kushuka kiasi gani kutoka katikati, ikipungua maana yake mwamba haukauki, na mwamba usipokauka hakuna wa kushuka na kijiti kutafuta pweza. Kutoka hapo kumweleza a ni nini ilikuwa kazi ndogo.

Lakini sehemu iliyonifundisha mimi ni ya nyuma ya darasa. Wajapani wana desturi ya siku nyingi: walimu kadhaa hupanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa humo ndani, kisha wote wanalijadili na kulirekebisha kabla halijafundishwa tena mkondo mwingine. Jambo la kushika ni kwamba wanaokaa nyuma hawamtazami mwalimu, wanatazama wanafunzi. Ukaguzi wa kawaida hauko hivyo, na ndiyo maana walimu wengi wakisikia "nitakuja kukaa kwenye kipindi chako" tumbo linacheza. Tulikubaliana kwamba madam angefuatilia wanafunzi watatu tu, aandike wanachofanya kwa mkono na kwa macho, basi. Asitoe alama, asimpe nakala mtu yeyote.

Aliyoandika yalikuwa dhahabu. Wakati kitelezi kinasogea, wawili kati ya wale watatu walikuwa wameinamia daftari wanakopi grafu ya kwanza, wakiwahi isije ikafutwa. Hawakuona kitu kikibadilika. Mbele ya darasa huwezi kujua, maana kelele za kushangaa za wale wa dawati la mbele zinakupa moyo. Kwa hiyo kwa mkondo B, ambao alifundisha mwalimu mwenzangu wa Hisabati, tuligeuza mpangilio: daftari zinafungwa, kila mmoja anapewa kipande cha karatasi, kabla kitelezi hakijasogezwa anachora anavyodhani wimbi litakuwa, ndipo tunasogeza. Waliobashiri vibaya ndio walioangalia kwa makini zaidi. Programu ni ile ile na faili ni lile lile. Kilichobadilika ni dakika mbili za karatasi, na zisingepatikana bila mtu wa pili darasani.

Ndiyo maana mwaka huu lengo langu nimeliandika hivi: "Kwa kushirikiana na mwalimu wa Jiografia, kuandaa na kufundisha vipindi vya grafu za sine na kosine kwa GeoGebra katika mikondo miwili, kila kipindi kikitazamwa na mwenzangu na kurekebishwa kabla ya mkondo unaofuata." Ni refu, najua. Lakini mtu akiniuliza Machi kama nimelitimiza, nina cha kumwonyesha. (Mwaka wa fedha unaanza Julai na mwaka wa masomo Januari, kwa hiyo Kidato cha Nne unachokiwekea malengo leo kinaondoka Novemba. Gawa lengo lako vipande viwili mapema.)

Swali ninaloulizwa sana ni programu gani ianze. Mimi huanza na kosa, programu huja baadaye. Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na ndani yake kuna vielelezo vya majibu halisi, mazuri na mabaya. Hisabati ya Kidato cha Nne, somo ambalo miaka ya karibuni wanaofaulu nchini ni kama robo ya waliofanya mtihani, ripoti yake ni ya kusomwa na idara nzima kwa sauti, si ya kupakuliwa na kusahauliwa kwenye simu. Chagueni kosa moja linalojirudia. Kisha ulizaneni: je, kuna kitu ambacho picha inayosogea ingeonyesha na ubao hauwezi? Mara nyingi jibu ni hapana, na hapo chaki inatosha. Mwenzetu wa Fizikia alipata ndiyo yake kwenye saketi za umeme, akatumia maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo unaweza kuyapakua ukayatumia bila mtandao. Mengi yana toleo la Kiswahili.

Kushirikishana mafaili nako kuna mambo yake. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa taarifa za misiba na vikao, lakini ni kaburi la maandalio ya masomo: faili linatumwa Jumatatu, Ijumaa limefunikwa na salamu za asubuhi njema. Sisi tumeweka kompyuta moja ya ofisini yenye folda za somo, kidato na mada, na flashi mbili za kuhamishia. Ni ya kishamba, lakini haidai bando la mtu. Shule yenye uwezo zaidi inaweza kutazama Kolibri, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: masomo yanakaa kwenye kompyuta moja na vishikwambi vinayasoma kupitia waifai ya hapo hapo shuleni.

Kuhusu akili mnemba nitasema machache. Walimu wengi sasa wanaipa kazi ya kuandika andalio la somo, na linatoka limepangika kuliko langu. Sina ugomvi nalo kama rasimu. Tatizo ni kwamba halijawahi kukaa na Kidato cha Nne B, halijui nani hukopi wakati wenzake wanaangalia. Lileteni kwenye kikao cha jumuiya, mlisome pamoja na kalamu nyekundu.

La mwisho ambalo silionei haya kulirudia: matokeo ya wanafunzi yenye majina na alama hayarushwi kwenye makundi ya simu, wala picha za watoto darasani hazitumwi ovyo ili kuonyesha kwamba TEHAMA imetumika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwalimu hajasamehewa humo. Mnapojadili kazi za wanafunzi, ficheni majina. Kosa halihitaji mwenyewe ili lijadiliwe.

Kwa sasa mimi na madam tumekwama kwenye jambo moja, nalo ni saa. Tunataka kuwashusha wanafunzi ufukweni siku ya bamvua wapime wenyewe, kwa fito iliyopigwa alama kila sentimita 10, kisha namba zao ziingie kwenye GeoGebra. Yeye anataka mnamo saa nne asubuhi, maana siku za bamvua hapa kwetu ndiyo saa maji yamepwa kabisa na mwamba uko wazi, ana mengi ya kuwaonyesha. Mimi nataka saa moja. Saa nne wimbi liko chini kabisa, na pale chini grafu haina mteremko: kwa saa nzima maji yatasogea kama sentimita 20 tu, wanafunzi watasema fito haifanyi kazi. Saa moja maji yanakimbia, karibu sentimita 80 kwa saa, na namba zinakuja zenyewe. Mwalimu wa taaluma ametusikiliza wote wawili, akasema saa moja na nusu ni paredi. Mwalimu wa Baiolojia naye amepata habari, anataka aje na habari za silikanti, yule samaki wa kale, kwa kuwa hifadhi ya samaki huyo iko hapa hapa kwetu. Tumemwomba asubiri kwanza tumalize habari ya maji.